Kanda ya Pili Ilipotangulia

Kwetu mtani haji msibani kulia. Anakuja kuchekesha, kuwasema marehemu na waliobaki, kunyakua sufuria ya wali jikoni na kutangaza kwamba aliyekufa alikuwa mchoyo tangu tumboni mwa mama yake. Ukoo wetu na ukoo wa Selemani ni watani toka enzi ambazo hata wazee hawazikumbuki vizuri, kwa hiyo simu ya kifo chake iliponikuta Dar es Salaam nikipakia mabati sikuulizwa kama nitakwenda, niliulizwa nitafika lini. Mazishi sikuyawahi. Nilifika siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, nikiendesha mwenyewe gari langu kutoka Masasi, nikapita Lulindi, nikaupanda mlima ule ambao zamani niliupanda nikiwa juu ya magunia, na vumbi likinijaa mpaka kwenye meno. Leo naupanda na kiyoyozi. Sisemi hivyo kwa kuringa, ingawa hata nikiringa nina haki. Darasa la saba sikulimaliza, cheti sina, na pale Mkomaindo, Masasi, duka la vifaa vya ujenzi lenye bati jekundu ni langu, nyumba ya wageni iliyo nyuma yake ni yangu, na malori matatu yanayoshusha saruji pale ni yangu pia. Watu wenye digrii hunisubiri barazani mpaka nimalize chai yangu. Lakini siku ile, nilipoiona minara ya simu ya Newala ikitokeza juu ya mikorosho, mimi mwenye vyote hivyo nilikuwa namwonea wivu mtu aliyekwisha kulala chini ya udongo siku mbili.

Wivu huo una umri. Ulianza mwaka ambao nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, mwembamba kama mpini wa jembe, mpishi wa Mfaransa mmoja aliyekuja Masasi kupima visima. Nilikuwa najua kupika chapati tu, mengine yote niliyabuni, na yeye alikula akashukuru. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia televisheni, deki, jenereta dogo la rangi ya buluu na sanduku la kanda za video. Mwingine angeuza kesho yake. Mimi nilifikiri hivi: Masasi mabanda ya video yapo tayari, Newala hakuna hata moja, msimu wa korosho unaanza, watu watakuwa na kitu mfukoni na baada ya alasiri hawana pa kwenda. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hesabu hiyo. Nikapandisha vyombo vyangu kwenye lori la magunia, nikaishikilia televisheni mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa, nikafika Newala miguu imekufa ganzi.

Chumba nilichopanga kilikuwa ghala la korosho karibu na soko. Tulipaka chokaa mara mbili lakini harufu ya maganda haikutoka, na mpaka leo nikipita palipo na korosho zinazochomwa naisikia sauti ya deki ikimeza kanda. Madirisha tuliyaziba kwa magunia, gunia juu ya gunia, lakini jua la Newala si la mchezo, lilipenya kwenye nyuzi likachora vitone juu ya migongo ya watu. Mbele kulikuwa na mabenchi manne ya wanaume, upande wa kulia mikeka ya akina mama na watoto wao wa mgongoni. Jenereta nililichimbia shimo nyuma ya nyumba ili kelele zipungue. Siku ya kwanza nilionyesha filamu ya Kichina ya ngumi. Watu walishangilia ngumi, lakini kila waliposimama kuzungumza kwenye filamu, chumba kizima kilinuna. “Wanasema nini hao?” “Wewe mwenye video, wanasema nini?” Mimi nikajibu, “Wanagombana.” Mzee mmoja akasema, “Hilo hata mbuzi wangu kaliona.”

Ndipo mtu mmoja aliyekaa mkekani, tena upande wa akina mama, akaanza kusema. Alikuwa Selemani, muuza maji. Siku zile Newala maji yalikuwa taabu, alikuwa anashuka bondeni na baiskeli na kupanda akiisukuma, madumu manne, na jasho likimtoka kama yeye ndiye chemchemi. Hakujua Kichina, Kihindi wala Kiingereza. Alitazama uso wa mtu kwenye kioo, akasema, “Huyu anamwambia mdogo wake, ulipoondoka mama alikuwa bado anatembea mwenyewe.” Basi. Ile ngumi iliyofuata watu hawakuishangilia, waliiogopa. Kesho yake alikuja mapema, madumu bado yamefungwa kwenye baiskeli.

“Hamisi,” akaniambia, “nipe kanga niitundike hapa pembeni ya televisheni. Nitakaa nyuma yake.”

“Unajificha nini? Ubaya wa uso wako watu wameshauzoea.”

“Wakiuona mdomo wangu watautazama mdomo. Lipiko akivuliwa kinyago, ngoma imekwisha.”

Lipiko ni mcheza ngoma wa Kimakonde, yule mwenye kinyago cha mti kichwani na nguo mwili mzima, hutakiwi kumjua ni nani. Nikampa kanga. Nilimpa pia kipaza sauti kilichotoka kwenye redio mbovu, nilikitengeneza kwa mikono yangu, na hilo watu walilisahau mapema sana. Wiki ya pili tu nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia wasichana wawili wanapita. “Unakwenda wapi?” “Kwa Selemani.” Kwa Selemani! Televisheni yangu, deki yangu, petroli yangu, chumba changu, na mimi nimesimama hapo hapo na funguo mkononi kama bawabu. Nilicheka nao. Ndani kitu kilinibana hapa, chini ya kifua, na hakijaachia vizuri mpaka leo ninapoandika.

Chakula tulikula kwa Bi Mwanaidi, mama mmoja mnene mwenye maneno, aliyekuwa na kibanda cha chakula mkabala na ghala letu. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha asubuhi, na chumvi yenye pilipili pembeni. Mchana ugali wa muhogo na kisamvu, mzito kiasi kwamba ukiutupa ukutani unabaki hapo. Siku nyingine panya wa porini wa kuchoma, na hapo utani ulianza. “Njoo ule nduguyo,” nilimwambia Selemani. Na yeye, “Nyie watu wa Masasi mnawacheka panya mchana, jioni mnauliza kama amebaki mkia.” Aliyeleta sahani alikuwa Somoe, mtoto wa mdogo wake Bi Mwanaidi. Sitaeleza uzuri wake, mke wangu atasoma. Nitasema hivi tu: alikuwa na namna ya kuweka sahani mezani bila kutoa sauti, halafu akasimama kidogo, kana kwamba anasubiri sahani iseme kitu. Mimi nilikuwa nikitazama vipande. Kuku akipikwa, Selemani alipata paja, mimi mbavu. Akipika samaki mkavu, Selemani kipande cha kati, mimi kichwa. Siku moja nikauliza, “Somoe, mimi kwani sina meno?” Akasema, “Wewe kaka Hamisi umekaa tu siku nzima. Mwenzio amepanda mlima.” Bi Mwanaidi akadakia kutoka jikoni, “Usimjali huyo, mwanangu. Mwenye jenereta ni mwenye jenereta.”

Neno hilo la Bi Mwanaidi nililishika. Nikamtumia ujumbe mjomba wangu, kwamba msimu ukiisha apande Newala akanipelekee posa. Mtu pekee niliyemwambia alikuwa Selemani. Tulikuwa tunazungusha kanda za Kihindi kwa kalamu, nikamwambia, akaendelea kuzungusha, kalamu inazunguka tu na kanda imekwisha muda. Kisha akasema, “Mungu akujalie.” Leo najua maana ya ukimya ule. Wakati ule nilidhani ananionea wivu, nikafurahi sana, nikala vizuri usiku ule.

Sasa zile kanda za Kifaransa. Zilikuwa mbili, filamu moja, ndani ya karatasi ngumu yenye mwandiko wa Mfaransa. Nilikuwa nimezitupa chini ya sanduku, kwa sababu hazina ngumi, hazina nyimbo, na rangi pia hazikuwa nazo, kwenye deki letu zilitoka nyeusi na nyeupe tupu. Selemani ndiye aliyezitoa. Alitazama kidogo tu mwisho wa moja, picha ya mtu amesimama mbele ya kabati la chuma, akasema, “Hii tutaionyesha Ijumaa ya wiki ijayo. Tangaza.” Nikamwuliza utasema nini, lugha yenyewe hata mashetani hawaijui. Akasema, “Niachie.” Akachana karatasi ya daftari, akaandika moja na mbili, akazibandika kwenye kanda kwa ugali. Gundi hatukuwa nayo, na ugali wa muhogo ukikauka huutoi kirahisi.

Wiki hiyo petroli iliniishia, nikashuka Masasi kuitafuta. Nilimwachia Selemani funguo na dumu lenye petroli kidogo ya akiba, nikamwambia asiiguse. Niliporudi siku ya tatu, dumu tupu. “Ilimwagika,” akasema. Nilimgombeza mbele ya watu, nikamwita mzembe, nikamwambia mkono uliozoea maji hauijui petroli. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho. Mchana huohuo nikiwa nanawa mikono nyuma ya kibanda, nikamsikia Bi Mwanaidi anamwuliza Somoe, “Wewe moyo wako uko wapi kati ya hawa wawili? Mjomba wake yule anakuja.” Na Somoe akajibu kitu ambacho sikukisikia chote, kwa sababu sufuria ilianguka. Nilisikia tu neno “sauti.” Sauti! Nikatoka pale bila kufuta mikono.

Nilichokifanya baada ya hapo sikumwambia mtu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilibeba tonge la ugali kwenye sahani yangu, nikafungua ghala, nikaziloweka zile karatasi mbili mpaka zikalegea, nikazibandua. Moja nikaibandika kwenye kanda ya pili, mbili nikaibandika kwenye kanda ya kwanza. Nilikaa nikazishika ukutani palipopigwa jua mpaka zikakauka. Nilifikiri hivi: Ijumaa Newala nzima itakuja, Somoe atakuwa mbele mkekani, filamu itaanzia katikati, kichwa kitupu, na huyu bwana mwenye sauti atababaika nyuma ya kanga mpaka watu waombe warudishiwe kiingilio. Hapo watajua nani ni mwenye video.

Ijumaa walikuja mpaka wengine wakakaa miguuni pa wengine. Joto, jasho, mtoto analia, magunia dirishani yanapumua. Nikaingiza kanda iliyoandikwa moja, nikakaa pembeni ya deki. Picha ikatoka: bustani, mto, benchi. Mwanamume mwenye mvi, nywele zimetimka, macho yamepotea kama ya mtu aliyeamshwa kwa maji. Kando yake mwanamke kijana, mkate mkononi. Nyuma ya kanga, kimya. Nikahesabu pumzi. Kimya bado. Mzee wa mbuzi akasema, “Leo kalala?” Watu wakacheka, na mimi nikaanza kutabasamu. Nikamtafuta Somoe ili nimwone anavyoaibika. Hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja, macho yake hayapepesi. Nilisema kimoyomoyo, haya, ameanza kunielewa.

Ndipo sauti ikatoka. “Mtazameni huyu. Hajui kitu. Kazaliwa leo akiwa na mvi.”

Siwezi kuieleza filamu ile alivyoieleza, lakini nitajaribu. Alimpa yule mwanamume jina la Nandonde na mwanamke akamwita Asumini. Akasema Nandonde amekaa benchini hajui jina lake, nyumba yake wala mama aliyemzaa, na huyu mwanamke asiyemjua anamkatia nusu ya mkate wake, basi mtu huyo anaanzia hapo, anaanzia kwenye mkate. Tulipobadilisha kanda, Nandonde alitokea nywele zake nyeusi, yuko na Asumini ndani ya nyumba, wanacheka, wanapika. Mimi nikasema sasa amekwisha, hili atalisemaje? Akasema, “Kila anachokumbuka kinamrudishia unywele mmoja mweusi. Amekumbuka mlango. Amekumbuka sufuria. Leo amekumbuka jina la mke wake, tazameni alivyo kijana.” Halafu Asumini akaugua. Akalala kitandani, dirisha liko wazi, pazia linapeperuka. Selemani akashusha sauti mpaka watu wakainama mbele. “Alipokuwa hajui kitu, alikuwa naye. Sasa anajua kila kitu.” Asumini akafa. Bi Mwanaidi, mwanamke aliyewafukuza walevi kwa mwiko, akapiga ukelele, “Jamani, si angebaki bila kukumbuka!” Na wanaume wa mabenchi, wauza korosho, watu waliozika watoto bila kutoa chozi, wakajifanya wanafuta jasho.

Mwisho wa kanda Nandonde anafungua lile kabati la chuma, anaingia, mlango unafungwa. Picha ikazima. Nilijua hapo ndipo hadithi itakatika kama kamba. Selemani akasema, “Anakwenda kuanza upya. Kesho mkija mtamkuta palepale benchini, hajui kitu, na yule mama anamkatia mkate.” Na kesho walikuja. Na kesho kutwa. Wiki mbili nzima hawakutaka ngumi, hawakutaka nyimbo, walitaka kumwona Nandonde anaanza. Nilikata tiketi, nikajaza petroli, nikaingiza kanda, na kila siku niliingiza wivu wangu mwenyewe kwa mkono wangu, ile yenye moja kwanza, kwa sababu nisingeweza kuzirudisha bila kujitaja. Watu walisema Wazungu wana akili sana kutunga kitu kama kile. Nilikuwa nataka kupiga kelele kwamba si Wazungu, na pia nilikuwa sitaki.

Mjomba alipopanda na posa, Bi Mwanaidi alimkaribisha vizuri, akampikia kuku, akamwambia mtoto ameshasema neno lake na si kwetu. Mjomba alikula kuku yule akasema ni mtamu. Mimi niliuza televisheni na deki kwa mtu wa Tandahimba, nikashuka Masasi, nikaanza kuuza misumari kwenye kikapu, na hapo ndipo yalipoanza haya mnayoyaona leo. Kabla ya kuondoka nilimpa Selemani zile kanda mbili, nikamwambia, “Zawadi ya harusi.” Nilikusudia kumchoma. Alizipokea kwa mikono miwili.

Mwaka juzi binti yangu Rehema, anayesoma chuo kikuu, alinisikia naisimulia filamu hiyo kwa wageni, akakaa na simu yake wiki nzima mpaka akaipata. Akaiunganisha na televisheni yangu ya sebuleni, ile kubwa, mafundi watatu waliibeba kuiingiza ndani. Kumbe ina rangi. Benchi ni la kijani, gauni la Asumini ni la njano. Rehema akasema kanda za Kifaransa na deki zetu za zamani hazikupatana kwenye rangi, ndiyo maana. Na akanifasiria hadithi yenyewe: mke anakufa mwanzoni. Mume anapata kabati linaloweza kumrudisha kwenye siku moja tu, siku aliyokutana na mke wake benchini. Lakini kila akienda na kurudi anazeeka, na anapoteza kitu kimoja akilini, leo namba ya nyumba, kesho jina la mtaa, na bado anakwenda, mpaka mara ya mwisho anakaa kando ya mke wake na hamjui ni nani. Mke naye anamwonea huruma mtu mgeni, anamkatia mkate. Mwisho. “Baba, mbona umenuna? Ni filamu tu.” Nikamwambia, “Wameianzia kubaya.” Akasema, “Hivi ndivyo ilivyo, Baba.” Usiku ule nilitafuta namba ya Selemani. Nilitaka kumwambia kwamba nimeiona ya kweli, na kwamba ya kwake ilikuwa bora. Kidole kilifika juu ya jina lake. Nikaweka simu mezani, nikasema kesho. Nilisema kesho karibu miaka miwili.

Basi nikafika msibani. Barazani mikeka, sahani za kande, wanaume wanazungumzia bei ya korosho kama wanavyoizungumzia kila msiba. Mjomba wa marehemu akaniona, akasimama. “Mtani umechelewa! Umemwacha mwenzio ameingia kaburini peke yake, au uliogopa atakuvuta mguu? Faini yako moja tu. Tuigizie marehemu.” Watu wakapiga makofi. Wakatundika kanga pembeni ya nguzo, wakanisukuma nyuma yake. Mimi ambaye husimama mbele ya maofisa nikaongea mpaka wakakaa, nilikaa nyuma ya kanga ile nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu anayeuza saruji. “Huyo si Selemani,” mtu akasema, “huyo ni mbuzi wa yule mzee!” Kicheko mpaka kwa akina mama uani. Nikatoka nyuma ya kanga nikiwa nimekasirika kweli, na kwa kuwa mtani siku ile anaruhusiwa kusema lolote, nikasema. “Sikilizeni, wala panya nyie! Filamu ile mliyoililia, mimi ndiye niliyebadilisha kanda. Ilianzia mwisho. Nilitaka mchumba wangu amwone huyu bwana anavyoaibika!” Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mjomba akafuta machozi, akasema, “Huyu ndiye mtani! Mwongo wa kusomea!” Hakuna mtu hata mmoja aliyeniamini. Sijawahi kusema ukweli mkubwa hivyo, wala kushangiliwa hivyo.

Walipotulia, bibi mmoja akaja akaniambia mfiwa ananiita. Somoe yuko eda, haonani na wanaume wa nje, kwa hiyo nilisimama ukumbini, na yeye alikuwa ndani, mlangoni limening'inia pazia.

“Mama Zuhura, pole sana.”

“Nimekwisha kupoa, Baba Rehema. Nimesikia uliyosema huko nje.”

“Ah, utani tu.”

“Si utani.” Nilisikia akivuta kitu chini, sanduku au begi. “Ile petroli uliyomgombeza nayo haikumwagika. Ulipokwenda Masasi aliwasha jenereta, tukaitazama ile filamu yote, mama mkubwa kasinzia mlangoni. Tukaitazama tena. Alitaka aijue kwa picha kabla ya Ijumaa, watu wasije wakatoka bila kuelewa.”

“Kwa hiyo alijua.”

“Ulipotokea mkate kwanza, sote wawili tulijua. Nikageuka nikakutazama. Ulikuwa unatabasamu.”

“Kwa nini hakusema? Neno moja tu. Hamisi, umekosea kanda.”

“Nilimwuliza hivyohivyo jioni yake. Akasema, ningesema wangemcheka Hamisi, na banda ni lake.” Gazeti likachakarika nyuma ya pazia. “Nikuambie na hili, tumeshazeeka. Mpaka asubuhi ya Ijumaa ile nilikuwa sijaamua. Mama mkubwa alikutaka wewe, na mimi sikukukataa. Niliamua pale mkekani, wakati yeye amenyamaza na watu wanacheka.”

Mkono ukatoka chini ya pazia, umeshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. “Alisema ukija upewe.” Zilikuwa kanda mbili. Moja na mbili, karatasi za daftari zimekuwa za kahawia, zimekaa vilevile nilivyozibandika mimi. Miaka yote hakuzirudisha mahali pake.

Pale Mkomaindo kuna fundi wa redio ambaye hatupi kitu. Alinitolea deki chini ya meza, akalipuliza vumbi, nikalipeleka nyumbani. Rehema alikuwa likizo. Akazishika kanda kama mtu anayeshika mifupa, akauliza, “Tuanze na ipi, Baba?” Nikamwambia aanze na hiyo iliyoandikwa moja. Picha ilikuja nyeusi na nyeupe, imejaa chenga kama mvua, bustani, mto, benchi. Sauti haikuwepo, kanda ilikuwa imeliwa na ukungu. “Haina sauti,” akasema Rehema. “Niitafute ya kwenye simu?” Nikamwambia kaa. Mwanamke akashika mkate. Mwanamume akamtazama hamjui. Kilichonikatalia msibani mbele ya watu wote wale kikanitoka chenyewe kwenye kochi langu, sauti ya chini, bila kanga. “Mtazameni huyu. Hajui kitu. Kazaliwa leo akiwa na mvi.” Rehema akageuka kunitazama, kisha akarudisha macho kwenye picha, akakunja miguu juu ya kochi kama alipokuwa mtoto. Niliendelea mpaka kabati likafungwa. Mlango, sufuria, jina la mke, unywele mmoja mmoja mweusi, yote nilikuwa nayo, neno kwa neno, miaka yote hiyo. Kila mahali picha ilipotulia nilisubiri neno langu mwenyewe lije, angalau moja. Yalikuja ya Selemani.